Imeandikwa mita 30 kwa dakika. Je, kazini ni ngapi? Uzi wa kasi na kontrola za CNC

#1 Kalibu_BabaDogo

Wadau, habari za jioni. Mimi natengeneza kalibu za nyayo za ndara na viatu vya mpira. Mpaka sasa kazi ya CNC (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta) naipeleka kwa wenye mashine na kulipa kwa saa, na hizo saa zimeanza kunikula. Nataka mashine yangu.

Nimeonyeshwa mbili za mtumba pale Industrial Area. Zote ni za wima na meza zake zinakaribiana kwa ukubwa. Ya kwanza imeandikwa mwendo wa G0 (wa kuhama bila kukata) mita 30 kwa dakika, spindo inayozungusha kisu mizunguko 8,000 kwa dakika, kontrola (kompyuta ya mashine) ya Fanuc ya miaka mingi iliyopita. Ya pili ni G0 mita 15 kwa dakika, spindo 8,000 vilevile, nayo ni Fanuc ila ya kizazi cha karibuni. Ya pili ndiyo ghali. Muuzaji ananiambia nisijisumbue: ya kwanza ina kasi mara mbili na bei iko chini, nataka nini tena?

Kuna kitu hakinikai sawa. Kalibu ile ile huwa nampelekea jamaa mmoja mwenye mashine ya "polepole" na inatoka mapema kuliko kwa mwenye mashine ya "haraka". Kasi ya mashine hizi inapimwa vipi hasa?

#2 Gololi

Buda, chukua ya bei nafuu. Chuma ni chuma. Hiyo pesa ingine nunua visu vizuri na vaisi ya maana.

#3 Mzee_LungaLunga

Gololi, kuhusu visu na vaisi nakuunga mkono. Kuhusu hiyo mita 30, hapana.

Kijana wa Baba Dogo, hiyo namba ni kasi ya juu ambayo meza inaweza kufika ikiwa imepewa nafasi ya kutosha. Uliza kwanza: inahitaji nafasi kiasi gani kufika huko? Hapo ndipo mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, unapoingia, na mchapuko hawauandiki kwenye tangazo.

Tuseme ile ya kwanza ina mchapuko wa milimita 1,000 kwa sekunde mraba. Hiyo ni karibu moja ya kumi ya mvutano wa dunia, jambo la kawaida kwa mashine nzito za zamani. Mita 30 kwa dakika ni milimita 500 kwa sekunde. Kufika huko kutoka kusimama inahitaji milimita 125, na kusimama tena milimita 125 nyingine. Kwa hiyo mwendo wowote ulio chini ya milimita 250 hautaiona mita 30 hata kwa dakika ya bahati.

Sasa toboa sahani yenye matundu yaliyoachana milimita 40. Mashine inachapuka nusu ya njia na kufunga breki nusu ya njia. Kasi ya juu inayofikiwa ni milimita 200 kwa sekunde, yaani mita 12 kwa dakika, na mwendo mzima unachukua sekunde 0.4.

Tuseme ya pili, hiyo ya mita 15, ina mchapuko wa 3,000. Inafika kasi yake yote ndani ya milimita 10 na kidogo, inateleza milimita 19 hivi kwa kasi kamili, inafunga breki. Jumla ni sekunde 0.24. Ya "polepole" imemaliza wakati ya "haraka" haijafika tundu linalofuata.

Nimesema "tuseme" kwa sababu mchapuko wa mashine zako sijaupima.

#4 Bongo_Kariobangi

Mkuu, mzee kamaliza. Ni ile matatu ya Thika Road iliyoandikwa 80 mgongoni halafu inasimama kila steji. Abiria anahesabu steji, hahesabu ile 80.

#5 Kalibu_BabaDogo

Shikamoo mzee wetu, nimeelewa vizuri. Lakini muuzaji nikimuuliza mchapuko ananitazama kana kwamba nimemtukana. Nitaupata wapi?

#6 Dada_Sevo

Kalibu, kwa kuwa zote ni Fanuc una bahati. Omba uonyeshwe ukurasa wa vigezo. Kwenye Fanuc nyingi kigezo 1420 ni kasi ya G0 ya kila mhimili. Kigezo 1620 ni muda wa kufika kasi hiyo, kwa milisekunde. Gawanya. Ukikuta 1420 ni 30,000 (ndizo milimita 500 kwa sekunde) na 1620 ni 500, basi mchapuko ni 500 ÷ 0.5 = 1,000. Hiyo hesabu ni ya G0 tu. Mchapuko wa wakati wa kukata una vigezo vyake, na mara nyingi uko chini zaidi.

Kama hawataki kukufungulia vigezo, tumia saa ya simu. Andika programu ya kwenda na kurudi milimita 40 kwa G0 mara nyingi, kisha gawanya muda kwa idadi ya miendo. Ikiwa mwendo huo ni mfupi mno kwa mashine kufika kasi yake yote, mchapuko ni mara nne ya umbali, ukigawanya kwa muda mraba. Sekunde 0.4 kwa milimita 40 inakupa 1,000 ile ile ya mzee. Fanya X, Y na Z kila mmoja peke yake, kwa sababu Z hubeba kichwa kizima na mara nyingi ndiyo mvivu.

Lakini kwa kazi yako ya nyayo, G0 ni jambo dogo sana. Wewe unachonga sura zilizopinda. Programu yako ni mamia ya maelfu ya mistari mifupi ya G1, yaani amri za kukata kwa mstari mnyoofu. Hapo swali linakuwa: kontrola inaweza kusoma, kukokotoa na kutekeleza mistari mingapi kwa sekunde? Na inatazama mbele mistari mingapi kabla ya kuamua kasi?

Ile ya kwanza programu inaingiaje? Kwa kadi, kwa flashi, au kwa waya?

#7 Kalibu_BabaDogo

Dada, ni waya. Kuna kompyuta kuukuu pembeni imeunganishwa kwa RS-232. Jamaa alisema kumbukumbu ya mashine ni ndogo kwa hiyo programu kubwa "inadondoshewa" huku inakata. Kwenye skrini ya ile kompyuta imeandikwa 9600.

#8 Dada_Sevo

Basi twende pole pole hapa, kwa sababu ndipo pesa yako ilipo.

9600 ni biti kwa sekunde. Kila herufi kwenye waya huo hula biti kama 10 ukihesabu za kuanzia na kumalizia. Unabaki na herufi 960 kwa sekunde. Mstari kama X12.345Y-6.789Z-1.234 pamoja na alama ya mwisho ni herufi 22 hadi 24. Kwa hiyo waya unapitisha mistari 40 kwa sekunde, basi. Kontrola ingekuwa na akili namna gani, haiwezi kula chakula ambacho hakijafika mezani.

Ikiwa kila mstari una urefu wa milimita 0.1, mashine itatembea milimita 4 kwa sekunde. Hizo ni milimita 240 kwa dakika. Wewe umeandika F3000 (fidi, yaani mwendo wa kukata, ya milimita 3,000 kwa dakika) na umejipongeza.

Chukua unyayo wa milimita 300 kwa 110, umaliziaji wa hatua ya pembeni ya 0.2. Hizo ni njia 550 za milimita 300, jumla mita 165. Kwa F3000 halisi unamaliza kwa dakika 55. Kwa 240 unamaliza kwa zaidi ya saa 11. Na hata ukiondoa waya, kontrola inayohitaji milisekunde 10 kwa kila mstari itakufikisha 600 kwa dakika tu: saa nne na nusu. Ya milisekunde 1 inaweza kufika 6,000, kwa hiyo F3000 yako itaheshimiwa.

Utajua mashine imekwama hapo kwa kuisikiliza. Haitembei laini, inatetemeka kama inagugumia, na kwenye alumini unaona vidoa vidogo kisu kiliposimama kikisubiri mstari.

#9 Gololi

Dada, si unaweka 19200 unapata mara mbili? Na hizo Fanuc zingine zina tundu la kadi pembeni ya skrini. Unatia kadi, mambo ya waya yanaisha.

#10 Dada_Sevo

Gololi, zote mbili ni kweli, ndiyo maana nimeuliza. Ukiongeza mwendo wa waya angalia urefu wake na mahali ulipopita. Ukilala sambamba na nyaya za mota, herufi zitaanza kupotea. Kama tundu la kadi lipo, kigezo 20 kikiwa 4 kontrola inasoma kutoka kwenye kadi, na nyingi zinaweza kuchonga moja kwa moja kutoka hapo bila kuingiza programu kwenye kumbukumbu. Waya ukiondoka, kizuizi kinahamia kwenye kontrola yenyewe. Ndicho kitu cha kwenda kupima.

#11 Mwanagenzi_Kabete

Samahani wakubwa, mimi bado niko chuoni. Hiyo milimita 0.1 imetoka wapi? Kwani mistari haiwezi kuwa mirefu?

#12 Mzee_LungaLunga

Swali zuri, na jibu lake halina gharama.

Programu ya CAM (inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine) inachukua mpindo na kuukatakata kuwa mistari minyoofu. Urefu wa kila kipande unategemea mambo mawili: ukali wa mpindo, na toleransi (kosa linaloruhusiwa) uliyoiambia CAM. Kipande ni kama kipeuo cha pili cha (8 × nusu kipenyo × toleransi). Mpindo wa nusu kipenyo 20 kwa toleransi ya 0.001 unakupa vipande vya 0.4. Ukiweka toleransi 0.01, vipande vinakuwa 1.26. Umerefusha zaidi ya mara tatu, mistari imepungua zaidi ya mara tatu, na kontrola ile ile sasa inakimbia zaidi ya mara tatu.

Mpindo mkali ndio wenye shida. Nusu kipenyo 2 kwa toleransi 0.001 ni vipande vya 0.126. Hizo ndizo 0.1 anazosema Dada Sevo. Kwenye unyayo ni zile kingo za maua ya kushika ardhi.

Vijana wengi wanaweka 0.001 kwa sababu inaonekana ni ya kitaalamu. Unyayo wa mpira hautambui tofauti ya 0.001 na 0.01. Ukimwagwa kwenye kalibu, ukapoa na kunywea, utakuwa umebadilika kuliko hapo. Pia kuna wanaoletewa umbo likiwa wavu wa pembetatu kutoka kwa mchoraji. Hapo CAM inafuata zile pembetatu, na ukitaka kurefusha vipande unarudi kwa mchoraji.

#13 Chipsi_za_Alumini

Mnamtisha bure huyu ndugu. Hebu turudi kwenye spindo, zote mbili ni 8,000.

Umaliziaji wa unyayo anatumia kisu cha mm 6 chenye kichwa cha duara, meno mawili. Tumpe kila jino 0.1, ambayo si haba kwa umaliziaji. 8,000 × 2 × 0.1 = F1600. Hiyo F3000 ya dada inataka mizunguko 15,000, ambayo hana kwenye mashine yoyote kati ya hizo mbili. Akiendesha F3000 kwa 8,000, kila jino linabeba karibu 0.19 na sura inakuwa na mikwaruzo ya kung'arisha kwa mkono siku nzima.

Tena kile kisu kikiingia 0.2 tu ndani, kipenyo kinachogusa chuma si 6, ni 2.15. Kwa 8,000 ni mita 54 kwa dakika za ukataji. Kwa alumini hapo bado kuna nafasi kubwa ya kupanda, lakini spindo ndiyo imefika mwisho.

Kwa hiyo hesabu yake halisi ni hii: F1600 ni milimita 26.7 kwa sekunde, na kwa vipande vya 0.1 anahitaji mistari 267 kwa sekunde. Mita 165 zinaisha kwa saa moja na dakika 43. Kontrola ya mistari 1,000 kwa sekunde itamsaidia nini hapo? Atailipia na haitapata kazi.

#14 Dada_Sevo

Chipsi, hapo umenena na nakubali: kipimo chake ni mistari 267, si 500. Asilipie zaidi ya hapo kwa sababu ya mistari peke yake.

Lakini usiishie kwenye mistari kwa sekunde. Kuna kutazama mbele. Mashine inayotembea milimita 26.7 kwa sekunde na mchapuko wa kukata wa, tuseme, 500 inahitaji milimita 0.7 kusimama. Hiyo ni mistari saba ya 0.1. Ukitaka F6000 kwa mchapuko ule ule unahitaji milimita 10 kusimama, yaani mistari 100. Kontrola isiyoona mbali kiasi hicho ina njia mbili tu: itembee polepole muda wote, au ifike kwenye kona ikiwa imechelewa kufunga breki.

Na hapa ndipo penye ujanja wa wauzaji. Kontrola inaweza kuonekana ina kasi kwa sababu inakata kona. Unaona muda umepungua, unafurahi, unapima kipande unakuta kimeliwa.

Kwa kontrola ya sevo (mota zinazosogeza mihimili kwa kufuata amri) ya kizamani isiyo na marekebisho ya mbele, yaani kufidia kuchelewa mapema, kisu kinakuwa nyuma ya amri kila wakati. Kwenye duara kinajikunja ndani na duara linatoka dogo. Kosa la nusu kipenyo ni karibu kasi mraba, ukigawanya kwa (2 × nusu kipenyo × gaini mraba). Gaini ni kipimo cha jinsi sevo inavyolifukuza kosa haraka, na 30 kwa sekunde ni ya kawaida. Kwa njia ya nusu kipenyo 10:

F750, kosa ni 0.009.
F3000, kosa ni 0.14.

Kasi mara nne, kosa mara kumi na sita. Hiyo 0.14 kwenye nusu kipenyo ni 0.28 kwenye kipenyo, na hiyo si umaliziaji, ni kazi ya kurudiwa. Kontrola mpya zina marekebisho ya mbele yanayolifuta kosa hili karibu lote. Hapo ndipo ninapoona bei ya ya pili ina maana, hata kama spindo inamfunga kwenye F1600.

#15 Bongo_Kariobangi

Wakuu, mnamjaza hesabu mtu anayekwenda kukagua mashine kesho. Mimi nikienda kukagua nafanya hivi.

Kwanza, programu ya mistari 5,000 ya milimita 0.1, yote X upande mmoja, F6000, Z juu hewani. Ni milimita 500, inatakiwa iishe kwa sekunde 5 na ushee. Ikichukua 50, mashine inasoma mistari 100 kwa sekunde. Hakuna kona, hakuna kisingizio cha mchapuko.

Pili, leta faili lako mwenyewe la kalibu, usikubali la muuzaji. Endesha hewani kipande cha dakika kadhaa kwa fidi ya asilimia 100. Rudia kwa asilimia 50. Muda ukiongezeka mara mbili, mashine ilikuwa inaiheshimu F yako. Muda usipobadilika, ile F uliyoandika ni pambo tu, kuna kitu kingine kinachoshika usukani.

Tatu, chonga kweli. Bonge la alumini, acha kinundu cha duara cha kipenyo 14 kwa kisu cha mm 6. Hapo njia ya kisu ni nusu kipenyo 10, ile ile ya dada. Pitisho la mwisho liwe jembamba la 0.1. Kimoja F750, kingine F3000. Pima kwa maikromita kwenye X, kwenye Y, na kwenye nyuzi 45 pande zote mbili. Vyote vikiwa vidogo kwa kiasi kimoja, ni kuchelewa kwa sevo. Kikiwa yai la kulala kwenye 45, mihimili miwili haina gaini sawa. Kukiwa na kijongoo (kituta kidogo) mahali mhimili unapogeuka, skrubu ya gololi ina mchezo, yaani ulegevu.

#16 Dada_Sevo

Orodha nzuri sana, Bongo. Naongeza onyo kwa jaribio la kwanza: kontrola nyingine zikiona mistari iliyonyooka zinaiunganisha kuwa mmoja, kwa hiyo zitajionyesha bora kuliko zilivyo. Weka Y ipande na kushuka 0.02 kila mstari, kisha linganisha majibu mawili.

Pia kabla ya kupima ya pili, andika G05.1 Q1 kwenye MDI (ukurasa wa kuandika amri kwa mkono). Ikitoa alamu, hali ya kasi ya juu kwa mipindo haijafunguliwa kwenye hiyo mashine. Fanuc huuza vitu hivi kama chaguo, na mashine mbili zenye kontrola ya jina moja zinaweza kuwa tofauti kabisa. Ikikubali, pima ukiwa umeiwasha na ukiwa umeizima (G05.1 Q0). Wenye kontrola za Haas wanatumia G187: P1 ni ya kukwangua, P3 ya umaliziaji. Wenye Heidenhain wana saikeli 32. Wenye Siemens wana CYCLE832. Jina tofauti, swali ni lile lile: niruhusu kona iliwe kiasi gani ili niende haraka?

#17 Msomaji_Tu

Nasoma kimya tangu mwanzo. Niseme moja kwa wengine watakaopita hapa: kama kazi yako ni flenji, sahani za matundu, mabano ya mageti na vipuri vya mashine za kusaga, msipoteze usingizi kwa sababu ya mistari kwa sekunde. Programu zenu zina mistari mia mbili. Muda wenu unapotea kwenye kufunga kazi, kubadilisha visu na kutafuta sifuri. Mimi ningetazama muda wa kubadilisha kisu, hali ya skrubu, na kama umeme wa fezi tatu utafika gereji yako. Kariobangi kuna gereji ambapo volti zikishuka jioni, draiva zinatoa alamu hata kabla kazi haijaanza.

#18 Mwanagenzi_Kabete

Kwani hawezi kuchukua ya kwanza kwa bei hiyo nafuu kisha atoe kontrola yote aweke programu ya kudhibiti ya LinuxCNC? Ni ya bure, tena inatazama mbele vizuri.

#19 Mzee_LungaLunga

Anaweza, kama mwili wa mashine ni mzima na ana muda. LinuxCNC tangu toleo 2.7 inapanga mwendo kwa kutazama mistari mingi mbele, na kwa G64 P0.01 unaiambia iruhusu kona iliwe 0.01 tu. Lakini atahitaji kadi za kudhibiti sevo, kuoanisha draiva za zamani, kubadilisha nyaya, na kuandika upya mantiki ya kibadilisha visu. Kalibu zitakuwa zinasubiri. Kwa mtu anayeishi kwa kalibu, simshauri. Kwa chuo kama chenu ningesema anzeni kesho, hakuna somo bora la sevo kuliko hilo.

#20 Kalibu_BabaDogo

Wadau, nimetoka huko. Muuzaji alinuna kidogo, lakini alipoona nimekuja na bonge langu la alumini na visu vyangu alinyamaza.

Ya kwanza: tundu la kadi halipo, ni waya tu. Ile programu ya mistari 5,000 ilikuwa inagugumia mwanzo mwisho, na ilichukua zaidi ya dakika mbili. Nilipopunguza fidi hadi 50 kwenye faili langu la unyayo, muda haukubadilika hata kidogo. Nikampigia mchoraji wangu, akanitolea faili lile lile kwa toleransi ya 0.01, na muda ulishuka vizuri, kama alivyosema mzee. Hata hivyo bado haikufika F1600.

Ya pili: mistari 5,000 karibu sekunde 6, na kwa zile za kupanda na kushuka ilizidi kidogo tu. G05.1 Q1 imekubali bila alamu. Fidi ya 50 ilifanya muda uwe karibu mara mbili. Hapo nilikuwa nishaanza kutoa pesa mfukoni.

Sasa kinundu. F750 na F3000 vinalingana kwa kipenyo vizuri sana, tofauti ni mikroni chache. Lakini kwenye vyote viwili kuna kijongoo mahali Y inapogeuka. Kwenye X hakuna. Unakihisi kwa kucha. Muuzaji anasema ni uchafu wa kisu.

#21 Chipsi_za_Alumini

Uchafu wa kisu haujui Y iko wapi. Huo ni mchezo.

#22 Bongo_Kariobangi

Mkuu, usitoe hela bado, na usiikatae pia. Weka saa ya kupimia yenye sumaku kwenye spindo, ncha iguse bonge lililofungwa mezani upande wa Y. Sogeza Y kwa 0.01 kwa hendwili upande mmoja mpaka sindano ifuate kila hatua. Kisha geuza mwelekeo na uhesabu ni hatua ngapi sindano inakaa kimya. Hizo hatua ndizo mchezo wenyewe. Fanya katikati ya meza, halafu fanya kwenye ncha zote mbili.

#23 Dada_Sevo

Na usome maana yake hivi. Kimya kikiwa sawa katikati na kwenye ncha, tena kidogo kama 0.01 au 0.02, kigezo 1851 cha Y kinaweza kukifidia. Muulize pia 1851 ina namba gani sasa hivi. Ikiwa tayari imejazwa namba kubwa na kijongoo bado kipo, kuna mtu alishajaribu kuficha.

Kimya kikiwa kikubwa katikati na kidogo kwenye ncha, skrubu imelika pale inapofanya kazi kila siku, na hiyo hakuna kigezo kitakachoiponya. Kigezo kinaondoa namba ile ile kila mahali.

Kimya kikiwa kikubwa kila mahali, sukuma meza kwa mbao upande wa Y huku sevo ikiwa imewashwa na uitazame sindano. Ikicheza huku namba ya Y kwenye skrini imetulia, beringi za mwisho wa skrubu zimelegea au nati imechoka. Beringi zinabadilishika kwa siku moja na bei yake unaikata kwenye bei ya mashine. Nati na skrubu ni mazungumzo mengine kabisa.

#24 Kalibu_BabaDogo

Asante dada, asante mkuu. Saa ya kupimia nitaazima kwa jirani. Alhamisi narudi huko.

#25 Gololi

Beba yenye mkono unaoshika vizuri, buda. Zile sumaku dhaifu zitakuletea mchezo wake mwenyewe na utamlaumu muuzaji bure.